Linda macho ya mwanafunzi: namna ya kufanya ukalimani wa lugha ya alama shuleni

Kaa siku moja nyuma ya darasa la fomu wani umtazame mtoto anayesikia anavyosoma. Mwalimu anaandika ubaoni huku anaongea, mtoto anakopi huku anasikiliza, jirani yake anamnong'oneza kitu anacheka, kengele inalia anaanza kufunga begi, vyote hivyo kwa wakati mmoja na wala haoni kama ni kazi. Sasa muweke mtoto kiziwi kwenye dawati hilo hilo. Yeye macho yake ndiyo yanasoma ubao, ndiyo yanamsikiliza mwalimu, ndiyo yanakutazama wewe mkalimani, na ndiyo hayo hayo yanatakiwa yashuke kwenye daftari aandike. Akikutazama wewe hakopi, akikopi hakuoni, akigeuka kuona nani amecheka kule nyuma ameshapoteza sentensi mbili.

Mi nafanya hii kazi hapa Moshi, sekondari ya kawaida tu yenye viziwi wachache katikati ya wanaosikia. Nilipoanza nilidhani kazi ni kuwa na mikono mepesi. Miaka imepita na siku hizi karibu kila kitu naamua kwa swali moja, macho yake yako wapi sasa hivi. Kwaiyo naandika kwa ajili ya mdogo wangu yeyote ambaye ameitwa intavyuu ya kazi hii au ameshapewa na Jumatatu anaanza, na hajui asimame wapi.

Tuanze na lugha yenyewe. Ya kwetu ni Lugha ya Alama ya Tanzania, wengi tunaiita LAT tu. Ukivuka Holili ukaingia Taveta viziwi wa kule wana Lugha ya Alama ya Kenya, ni lugha nyingine, mtaelewana kidogo kidogo ila ni nyingine. Nasema hivi kwa sababu siku hizi mtu anaangalia video za Wamarekani kwenye simu miezi mitatu afu anasema najua alama. Baadhi zinafanana na zetu kweli, nyingi hazifanani, na mtoto atakukodolea macho. Pia LAT sio Kiswahili kilichotiwa mikono. Ukichukua sentensi ya Kiswahili ukaitafsiri neno kwa neno kwa mpangilio ule ule unapata kitu ambacho mtu anayesikia anakifurahia na kiziwi anahangaika nacho. Mara nyingi wakati unatangulia, JANA, afu mahali, afu nani kafanya nini, na uso ndio unabeba swali, nyusi juu ukiuliza la ndiyo au hapana, nyusi zikikunjamana ukiuliza nani, wapi, kwa nini. Mkalimani mwenye uso mkavu anaongea bila toni, mtoto hajui kama mwalimu anauliza, anatania au amekasirika.

Hiyo lugha unaipata kwa viziwi wenyewe, hakuna njia ya mkato. Nenda CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, uliza tawi la mkoa wako na nani anafundisha. Ukiwa upande wa Arusha chuo cha ualimu Patandi pale Tengeru kinaandaa walimu wa elimu maalumu, ukifahamiana na waliopita pale unapata njia. Ila zaidi ya darasa kaa na viziwi, kule kwenye cherehani wanakoshona, kwenye gereji, kwenye ibada yenye mkalimani, kaa uchoke, ukose kuelewa, urudi tena kesho. Watakupa jina lako la alama na hapo utajua umeanza kuingia. Na usikubali, nasema usikubali, kuingia darasani na cheti cha wiki mbili kwa sababu mkuu wa shule amekubembeleza hana mtu mwingine. Mwambie ukweli kiwango chako, uombe uanze na somo moja au mawili. Mtoto anayepoteza mwaka wa fomu tuu kwa sababu ya mikono yako hana pa kuurudisha.

Kitu kingine, alama zinatofautiana kwa shule. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963, Buguruni kule Dar 1974, na hapa kwetu Kilimanjaro Mwanga ilianza 1981 chini ya kanisa la KKKT, na watoto wa bweni miaka yote hiyo wamekuza alama zao. Kwaiyo ukipokea mtoto aliyesoma Mwanga na mwingine ametoka mbali, wiki ya kwanza usifundishe chochote, waulize wao. Wiki yenu mnaitaje, mama mnaitaje, hesabu mnaitaje. Andika kwenye kidaftari. Mimi nina kidaftari cha hivyo kimeshachakaa na bado nakibeba.

Na maneno. Viziwi ninaofanya nao kazi wanajiita viziwi na wanataka waitwe viziwi. Neno bubu lifute mdomoni, na ukilisikia kwa mwalimu msahihishe pembeni kwa heshima, "mwalimu, wenyewe hawalipendi hilo neno, wanaitwa viziwi", wengi wanakubali hapo hapo kwa sababu hawakujua.

Haya, kazi yenyewe inaanza kabla ya darasa. Sekondari zetu masomo mengi ni kwa Kiingereza, ila mwalimu anaongea Kiingereza nusu anakatisha na Kiswahili akiona watoto wamezubaa, na wewe unatoa LAT, na ubao na mtihani viko kwa Kiingereza. Lugha tatu kwa pumzi moja. Usipojiandaa utaumbuka na atakayeumia ni mtoto. Mi Ijumaa jioni au Jumapili naomba kwa walimu mada za wiki inayokuja, sio andalio lote la somo, mada tu na maneno magumu. Mwanzoni wanaona usumbufu. Nenda na kidaftari, msalimie vizuri, "shikamoo mwalimu, Jumanne unaingia na nini kwa fomu tuu?" Mwezi wa pili wanakuletea wenyewe.

Sasa chukua baiolojia, neno photosynthesis. Kiswahili ni usanisinuru. Alama ya kutosha unaweza usiipate, na hapa ndipo wakalimani wengi wapya wanakosea, wanabuni alama yao usiku wanakuja nayo asubuhi. Usibuni peke yako. Unachofanya, kwanza unalitahajia neno zima kwa vidole kwa Kiingereza, P-H-O-T-O mpaka mwisho, unaonyesha na ubaoni lilipoandikwa, kwa sababu Novemba ya fomu foo neno litakuja kwenye karatasi hivyo hivyo kwa herufi hizo na mkalimani hatakuwepo kulieleza. Halafu unaeleza maana, jani, jua, linatengeneza chakula. Halafu unawauliza viziwi wenyewe, hili tuliiteje humu darasani? Wakikubaliana alama ya muda ndiyo mnaitumia mpaka mada iishe, na kila siku mbili tatu unarudisha tahajia ili mkono usisahau herufi. Nimeona mtoto anajua usanisinuru vizuri kabisa, anakuelezea jani na jua na hewa bila kukosea, afu kwenye jaribio anaacha wazi kwa sababu mkalimani wake alikuwa anampa alama tu na neno lenyewe hajawahi kuliona likaandikwa. Iliniuma sana ile. Somo kama Historia ya Tanzania na Maadili ambalo linafundishwa kwa Kiswahili tahajia unaifanya kwa Kiswahili, usimchanganye.

Mahali pa kusimama. Simama au kaa karibu na mwalimu na ubao, ili mtoto akikutazama wewe mwalimu na ubao vibaki kwenye pembe ya jicho lake. Usikae naye ubavuni kama mnapiga stori, pale atakuona wewe na ukuta. Usiweke dirisha mgongoni kwako, mwanga ukitokea nyuma uso wako unakuwa kivuli na nyusi hazionekani. Hapa Moshi mwezi wa sita na wa saba mlima umefunikwa, wingu limekaa mpaka saa tano, darasa linakuwa giza na umeme ukikatika ndio basi tena, siku hizo namuomba mwalimu tuhamie upande wa madirisha na mimi nageukia mwanga. Mwalimu akizima taa ili projekta ionekane, kuwa na tochi ndogo au omba pazia moja libaki wazi. Na video isiyo na manukuu iangalie mapema, uombe mwalimu aisimamishe kila baada ya dakika kadhaa, maana mtoto hawezi kuangalia picha na kukuangalia wewe.

Mavazi yafikirie. Rangi moja, inayotofautiana na ngozi yako. Mimi ni mweusi kwaiyo navaa samawati iliyopauka, krimu, kijivu chepesi, mashati ya hivyo nayatafuta pale soko la Memorial kwenye mitumba. Kitenge cha maua kinachosha macho ya mtu anayekutazama masaa sita. Bangili zinazong'aa, pete kubwa, kucha za rangi rangi, hina na piko za harusi ya juzi, vyote vinavuta jicho litoke kwenye alama liende kwenye urembo. Mwaka mmoja walimu walishona sare ya kitenge kwa ajili ya mahafali, nikashona na mimi kwa sababu ni wenzangu, ila nilivaa shati langu la kazini nikatafsiri hotuba zote, kitenge nikavaa wakati wa chakula.

Mwalimu akianza, usikimbizane na maneno. Subiri maana ije ndio utoe, utakuwa nyuma yake kidogo na ni sawa. Kinachotesa ni hii na hii. Mwalimu wa hesabu anageukia ubao, "hii ukiitoa hapa ukaipeleka kule inabadilika, si mnaona?" Ukitafsiri hivyo hivyo hujasema kitu. Lazima na wewe uangalie ubao, umuonyeshe kidole ni namba ipi, umuache atazame, afu macho yakirudi ndio umpe kilichobaki. Hapo unakuwa umebeba sentensi mbili kichwani unazisubirishia macho, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi kuliko alama zote. Ikizidi, omba. "Samahani mwalimu, mkalimani anaomba urudie." Sema mkalimani, usiseme naomba, ili darasa lisidhani kiziwi ndiye hajaelewa.

Kukopi notsi ongea na mwalimu siku ya kwanza kabisa. Mueleze kwamba mtoto huyu hawezi kuandika huku anasikiliza. Akiandika ubaoni aandike, anyamaze, awape dakika wakopi, ndipo aeleze. Kwa walimu wanaoongea bila kusimama, omba mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri agawane daftari lake, unapiga picha au wanakopi jioni bwenini. Mwalimu mmoja mzee alinijibu "mwanangu mimi nina dakika 40, nikinyamaza nimekufa." Nikamuomba ajaribu wiki moja. Alijaribu, na waliofaidika wakawa darasa zima maana hata wanaosikia walikuwa wanakopi bila kusikiliza. Mpaka leo anafundisha hivyo.

Masomo ya maabara yana mambo yake. Mtoto akiweka jicho kwenye hadubini hayupo na wewe kabisa, kwaiyo maelezo yote kabla, jicho baadaye, afu mnajadili. Kemia ndio zaidi, anatazama rangi ibadilike kwenye chupa tone kwa tone na mwalimu anapiga kelele "acha, acha!" Kubalianeni kabla, ukimgusa bega mara mbili maana yake simama. Kwa usalama hilo lazima mwalimu na yeye alijue, kwa sababu siku ambayo haupo tindikali haitamsubiri mkalimani.

Somo linalonipa raha na mateso kwa pamoja ni Kiswahili. Tanakali za sauti. Mwalimu anasema jiwe lilianguka majini chubwi! darasa linacheka, na mtoto wangu anasubiri. Hapo sipeleki sauti, napeleka jiwe, mkono unashuka, maji yanaruka, uso unashtuka, halafu natahajia C-H-U-B-W-I namwambia hivi ndivyo wanaosikia wanavyoliandika lile tukio. Sasa ana vitu viwili, tukio na neno la kuandika kwenye jibu. Mashairi vilevile, vina sio lazima uvisikie, vinaonekana. Namuonyesha mwisho wa kila mshororo, ka, ka, ka, ni, ni, ni, anaona herufi zinavyopangana kama safu ya mahindi na mizani anahesabu kwa vidole vyake mwenyewe. Mtoto mmoja alikuwa hapati vina mpaka nilipomfunika mistari kwa rula nikabakiza silabi za mwisho tu. Methali usizipeleke neno kwa neno. Haba na haba hujaza kibaba, nampa maana kwanza, afu namtahajia maneno yenyewe, maana mtihani utauliza "kamilisha methali".

Na imla. Hii hakuna aliyenionya kwaiyo nakuonya. Mwalimu anasoma neno watoto waandike. Wewe ukitahajia kwa vidole umempa jibu, ukitoa alama yenye maana mbili anaweza akaandika neno jingine ambalo ni sahihi pia. Malizana na mwalimu kabla, sisi tulikubaliana natoa alama pamoja na mfano wa sentensi, na panapogongana na neno jingine naonyesha herufi ya kwanza tu, na mwalimu anajua hivyo anapokuwa anasahihisha.

Majadiliano ya kikundi watoto watano wanaongea kwa mpigo na wewe mikono ni miwili. Tulianzisha kalamu, aliyeshika ndiye anaongea, na mimi kabla ya maneno namuonyesha nani anaongea. Huwezi kuamini fujo ilivyopungua, na kiziwi naye akawa anaidai ile kalamu.

Sasa upande wa pili, sauti. Mwanafunzi anapotoa alama wewe unakuwa mdomo wake. Akisema MIMI unasema "mimi". Usiseme "anasema kwamba yeye". Akikosea jibu, likosee hivyo hivyo. Hapa nina jambo zito. Mwezi wangu wa kwanza mwalimu wa jiografia aliuliza swali, akamnyooshea kidole kijana wetu, na mimi jana yake nilikuwa nimesoma naye ile mada nikajua anaijua. Alianza kutoa alama taratibu, akasita, na mimi nikamalizia kwa sauti jibu zuri kabisa. Mwalimu akampongeza. Kijana akaniangalia, hakuchukia, akatoa alama moja tu, LANGU. Jibu lake. Lilikuwa halijaisha na huenda lingekuwa na kosa, ila lilikuwa lake na mimi nimelichukua mbele ya darasa zima. Nilimuomba radhi kwenye mapumziko, na kesho yake nikamwambia na mwalimu kwamba lile jibu nusu lilikuwa langu.

Ndio maana mipaka lazima uiweke mapema. Wewe sio mwalimu wake, sio mama yake, sio mpelelezi wa bweni. Mwalimu atakwambia "muulize kama ameelewa", wewe mtafsirie hivyo hivyo afu mueleze mwalimu kwa upole amtazame mwanafunzi na aongee naye moja kwa moja, "umeelewa?" Wengine watakuachia darasa, "wewe si uko nao, wasimamie", kataa kwa adabu. Darasani kukitokea utani, matusi, mtu anampigia mwenzie mluzi, peleka vyote, ana haki ya kujua kinachoendelea kama wenzake. Kuna wanaochuja wakidhani wanamlinda mtoto. Wanamfungia nje tu.

Akishtakiwa ofisini ndio utapimwa. Mwalimu wa nidhamu amekasirika, mtoto amekasirika, na wewe uko katikati. Peleka maneno yote kwa ukali wake, pande zote mbili. Usimpunguzie mwalimu, usimtetee mtoto, usimuongezee. Ukitaka kusema lako toka kwenye ukalimani waziwazi, "sasa naongea mimi mkalimani", ili wote wajue.

Siri. Mtoto akienda kliniki ya masikio, huku kwetu wengi wanaishia hospitali ya KCMC, na ukaombwa uende naye, yaliyosemwa kule hayaingii staff room hata mwalimu wa darasa akikuuliza kwa nia njema. Mwelekeze kwa mtoto au mzazi. Isipokuwa kitu kimoja, mtoto akikuambia anaumizwa, anaguswa, anapigwa nyumbani au bwenini, hiyo usikae nayo. Mwambie mtoto kwanza kwamba lazima umueleze mtu, mueleze mwalimu wa malezi, ikishindikana Ustawi wa Jamii, na namba ya msaada kwa watoto ni 116. Ile ni ya kupiga simu na yeye hawezi kupiga, kwaiyo wewe ndiye utakayepiga akiwa pembeni yako, na unatafsiri kama kawaida, usimsimulie kwa niaba yake.

Mitihani nenda kwa mwalimu wa taaluma mapema, sio asubuhi ya mtihani. Jua kama watahiniwa wenye mahitaji maalumu wamesajiliwa hivyo maana ndio wanaongezewa muda, na ujue wewe unaruhusiwa kutafsiri nini. Mitihani ya ndani mimi natafsiri maelekezo na matangazo ya msimamizi, swali lenyewe siligusi isipokuwa tumekubaliana kwa maandishi. Kwa wa taifa fuata alichoambiwa msimamizi basi.

Nje ya darasa usilale. Mstarini asubuhi, matangazo ya chakula, mdahalo, ibada ya kipindi cha dini, mechi. Mtoto anayekosa mstarini ndiye anayekuja na sare ya michezo siku ambayo wenzake wamebadilishiwa ratiba, anacharazwa viboko na hajui kosa. Na wafundishe wanaosikia alama, hata ishirini tu, salamu, chakula, mwalimu anakuja, tucheze. Tulianza dakika kumi kila Alhamisi baada ya masomo na vijana wenyewe viziwi ndio walimu, mimi nakaa nyuma kabisa. Siku hizi kwenye mapumziko hawanihitaji.

Kuhusu mwili wako. Vipindi nane kwa siku peke yako ni vingi, akili inachoka kabla ya mikono, baada ya nusu saa hivi unaanza kudondosha maana na wewe mwenyewe huoni. Penye wakalimani wawili wanapokezana kila dakika 20 mpaka 30. Ukiwa peke yako, dabo ya dakika 80 muombe mwalimu aweke zoezi la kuandika katikati, upumzike. Nyoosha vifundo, mabega, kunywa maji. Asubuhi za Julai vidole vimeganda na tahajia inakuwa nzito, mi nafika mapema nashika kikombe cha chai ya tangawizi cha moto mpaka vidole vilegee. Maumivu ya kifundo yakikaa wiki nenda hospitali, usijipake dawa ya kuchua ukaendelea.

Mkataba uandikwe. Masaa mangapi, vipindi vingapi, maandalizi yanahesabiwa au hapana, mahafali na kikao cha wazazi ni ndani ya mshahara au ni posho yake, ukiumwa nani anakaa. Mkuu wa shule akisema mkalimani ni anasa, mueleze bila ugomvi kwamba nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ibara ya 9 inawataja wakalimani wa lugha ya alama na ya 24 inaitaja lugha ya alama kwenye elimu, na mwaka 2010 tukatunga Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu. Mimi nilipeleka karatasi moja tu yenye hayo, nikamuonyesha na madaftari ya watoto ya kabla na baada, na madaftari ndiyo yaliyomsogeza.

Mwisho, wiki isiishe bila kuwauliza wao. Ijumaa kipindi cha mwisho kikiisha nakaa na vijana wangu dakika kumi chini ya mti wa mparachichi, nawauliza wapi niliwapoteza. Wanasema bila kunionea haya. Kipindi gani nilisimama vibaya, alama gani nimeitoa ya Dar wao hawaitumii, mwalimu gani anaongea mimi bado nakunywa maji. Naandika kwenye kidaftari kile kile. Ijumaa iliyopita waliniambia R yangu na U nikiharakisha zinafanana, vidole havipishani vizuri, kwenye kemia walisoma neno wakalikosa kabisa. Jumapili nimekaa mbele ya kioo na lile neno, na kesho kipindi cha pili wataniambia kama imekaa.